Sekunde Themanini na Nane

"Hafi, shemeji, anaondoka, sisi tunaangalia pale alipokuwa—"

"Betri imekufa, na betri ikishakufa—"

"—alipokuwa jana, halafu tunashangaa hatumwoni—"

"—hakuna cha kuondoka hapo, niache basi nimalize."

"Maliza. Tangu juzi unamaliza tu."

Injinia akafunga mdomo, akavua miwani, akaanza kuipangusa kwa pindo la shati. Hapo Dishi akajua amevuka mpaka. Huyu mume wa dada yake akikasirika kidogo huongea mpaka mate yamkauke. Akikasirika kwelikweli hunyamaza na kupangusa miwani.

Walikuwa ghorofa ya nne, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya karatasi za mitihani, na mpaka leo ukifungua kabati unakutana na boksi la chaki. Mezani kulikuwa na kompyuta moja, redio moja ya kurushia, na feni iliyokataa kugeuka kushoto. Waya mweusi ulitoka dirishani ukapanda ukutani hadi kwenye antena ya paani. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Dakika ishirini zilizopita Kifaranga alikuwa amepita juu ya vichwa vyao bila kutoa hata kikohozi.

Kifaranga ni setilaiti. Usifikirie dude lenye mabawa kama ndege ya abiria. Ni kijisanduku cha kushika kwa kiganja kimoja, mkono wa pili ukaendelea na kikombe chako cha chai. Kazi aliyotumwa ni kupokea vipimo vya maji kutoka kwenye mito na mabwawa, ili watu wa bondeni wajue mafuriko yanakuja kabla hayajagonga hodi. Wiki tatu nyuma roketi ya watu wenye uwezo ilimpandisha pamoja na wenzake thelathini na tano, ikawamwaga huko juu kama mchuuzi anayekung'uta tenga la kuku. Tangu siku hiyo anaizunguka dunia, kila mzunguko saa moja na nusu na ushee. Akipita juu ya chuo mnakuwa naye dakika kumi, basi, keshazama.

Siku za mwanzo alilia vizuri, ti-ti-tii, mpaka wafagizi wa ghorofani wakaukariri ule mlio. Halafu akaanza kufifia. Siku ya kumi na nne alisikika kama mbu wa chumba cha jirani. Siku ya kumi na tano, kimya.

Na kimya hicho kilikuwa na mwisho wake. Waliotoa kibali cha redio walitaka kila chombo kiwe na saa tumboni: kisiposikia amri ya mwenyewe kwa siku ishirini na moja, kijizime redio moja kwa moja, kisije kikabaki kinapiga kelele miaka na miaka kama kengele ya nyumba iliyohamwa. Kibali cha chuo cha kurusha amri kilichelewa, kikafika siku ya kumi na mbili, na kila amri waliyotuma tangu hapo ilikwenda na maji. Leo ilikuwa siku ya ishirini na moja. Saa ya tumboni ingegota saa saba kamili mchana. Kabla ya hapo Kifaranga angepita mara moja tu, saa sita kasorobo.

Pembeni ya kompyuta kulikuwa na ripoti ya kurasa sita ikisubiri saini. Ukurasa wa nne ulisema chanzo cha kifo "huenda ni kasoro katika kulehemu nyaya za betri." Aliyelehemu nyaya za betri alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyesimama hapo mikono kiunoni.

Dishi aliacha chuo hikihiki akiwa mwaka wa tatu, akafunga madishi ya televisheni miaka kumi na miwili, na jina likamganda. Mradi ulimchukua kwa sababu anaweza kulehemu waya mwembamba kama unywele, na kwa sababu wenye digrii zao wanaogopa kupanda paani. Ukurasa wa nne ukisainiwa, nani atampa tena hata redio ya mkulima aifungue?

"Shemeji, mimi nimelehemu vitu elfu. Ile betri ni nzima."

"Hata daktari bingwa huwa anafiwa na mgonjwa."

"Ndiyo, ila hasaini cheti kabla ya kumgusa maiti."

Injinia alirudisha miwani usoni. "Juzi juzi hapa ulinigusisha maiti. Nimesahau?"

Dishi akajikuna kisogo. Maana tatizo lake kubwa ni utani, na utani wake hauna breki. Siku ya kumi na sita, wakati kila mtu anatembea chumbani kama kwenye msiba, alificha kiredio kidogo juu ya dari na kukipigisha mlio wa Kifaranga. Alidhani atawachangamsha. Injinia aliruka, akampigia simu Mkuu wa kitivo, na Mkuu akapanda ngazi zote nne viatu mkononi. Wote wakasimama wanasikiliza, machozi yanamlengalenga Injinia, ndipo dari ikasema: "Shikamoo Injinia. Huku juu baridi, naomba sweta." Siku mbili Injinia hakuongea naye, mpaka dada mtu alipowakalisha sebuleni kama watoto waliopigana. Sasa Dishi akisema neno lolote kuhusu Kifaranga, shemeji yake anasikia sweta.

"Hili si sweta," alisema kwa sauti ndogo. "Angalia daftari."

"Nimeliangalia."

"Umeliangalia jalada."

Mlango ukagongwa na kufunguka kwa pamoja. Mkuu wa kitivo, mama mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliingia akihema. Alisalimiwa, akaitikia, akavuta kiti mwenyewe.

"Nimesikia kelele tangu ghorofa ya pili," alisema. "Leteni nisaini. Idara ya ramani wanakitaka hiki chumba, wameshaniletea mpaka vipimo vya mapazia."

"Mkuu, usisaini," Dishi alisema.

"Dari iko salama leo?"

"Iko salama. Nipe dakika mbili tu, halafu unifukuze."

Mkuu akatazama juu kwanza, ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Dishi akaeleza haraka haraka, kabla shemeji yake hajapata pumzi. Kuna ofisi moja kubwa huko ng'ambo inayohesabu kila kitu kinachozunguka dunia na kukipa namba. Lakini rada yao inaona vidoti tu, haijui kidoti kipi ni cha nani. Wenyewe ndio husema, hiki chetu. Siku ya kwanza, vidoti vyote thelathini na sita vikiwa bado vimefuatana kama siafu, Injinia alichukua cha kumi na saba, kwa kuwa ndani ya roketi Kifaranga alikaa nafasi ya kumi na saba. Siku zile ungeelekeza antena kwa yeyote ungewasikia wote. Baadaye msafara ukaanza kuachana. Antena ikaendelea kumfuata kumi na saba.

"Na Kifaranga si kumi na saba," Dishi alisema. "Wiki tatu tunamwamkia mtoto wa wenyewe. Nilikuwa nakaa paani na spika za masikioni, naandika saa ambayo sauti imekolea kabisa, na saa ambayo kompyuta inasema angekuwa katikati. Siku ya nne alitangulia sekunde tatu. Siku ya nane, kumi na tatu. Ya kumi na moja, ishirini na nne. Ya kumi na nne, thelathini na tisa. Mteja akikwambia picha imepotea, Mkuu, huendi kubomoa kituo cha televisheni. Unapanda juu unaangalia dishi linatazama wapi."

"Kwa saa ya mkononi," Injinia alisema. "Ya kununua barabarani."

"Inakwenda."

"Antena ni moja, Mkuu. Ikitazama huku, haitazami kule. Nikifuata daftari na daftari likawa limekosea, tumetupa nafasi ya mwisho. Siwezi kumzika mtoto kwa sababu ya saa ya barabarani."

Mkuu alitoa kalamu sikioni, akaizungusha vidoleni. "Mradi ni wako, Injinia. Amri ni yako. Mimi nitasaini utakachonipa saa sita na robo." Ila hakuondoka. Alijipepea kwa ripoti.

Dishi hakupiga kelele tena. Alilichukua daftari, akalifungua ukurasa wenyewe, akaliweka juu ya mikono ya shemeji yake, kabisa juu ya vidole, ili asiweze kuchapa kitu bila kuliondoa.

"Ziko namba nne tu," alisema. "Ukiona hazina maana, mimi mwenyewe nitakushikia kalamu usaini."

Injinia alitaka kulisukuma. Lakini mwalimu wa hesabu ni kama mlevi, ukimwekea mbele lazima aonje. Alitazama namba ya kwanza. Akatazama ya pili. Akavuta karatasi. Dakika zikapita, feni inalia, chini uani mtu anaburuta meza. Mara akaacha kuandika, akarudi mwanzo, akaandika tena.

"Siku ya nne na siku ya nane," alisema kama anaongea na karatasi. "Siku zimekuwa mara mbili, sekunde zimekuwa kama mara nne."

"Vibaya?" Dishi aliuliza.

"Si vibaya. Kitu kinachokokotwa na hewa kidogo kidogo kinashuka. Na huko juu anayeshuka ndiye anayekimbia zaidi, kwa hiyo anawatangulia wenzake, na kila siku anawatangulia kuliko jana. Namba zake zinatakiwa zipinde hivihivi." Akainua uso. "Umezitunga?"

"Ningezitunga vipi?"

"Ndiyo nawaza. Wewe ungetunga tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Hii hesabu inafundishwa mwaka wa tatu, muhula wa pili." Akavua miwani, lakini safari hii hakuipangusa. "Wewe muhula wa pili ulikuwa umeshakimbia."

Mkuu alicheka akaifunika kwa kikohozi. Dishi hakujua ametukanwa au ameokolewa, akaona achukue vyote viwili.

"Kwa hiyo leo atakuwa mbele kiasi gani? Mimi nilikadiria sabini."

"Themanini na nane." Injinia alikuwa ameshasimama. "Kwa sabini yako ungemshika mkia tu, na mkia hautoshi kupitisha amri. Saa ngapi?"

Saa tano na dakika ishirini na tano. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana programu ya kuzungusha antena ilimjua kumi na saba tu. Kuifundisha njia mpya kungekula mchana mzima.

"Tuidanganye," Dishi alisema. "Usiifundishe kitu. Sogeza saa ya kompyuta mbele sekunde themanini na nane. Itadhani imechelewa, itakimbia yenyewe mpaka alipo."

Injinia alimtazama kama mtu anayeona jirani yake mwizi akimfungulia mlango uliojifunga. "Hiyo saa inajirekebisha kwa mtandao."

"Ilikuwa." Dishi alikuwa ameshachomoa waya wa mtandao.

Wakasogeza saa, wakahakiki mara tatu, sekunde kwa sekunde, na ile saa ya barabarani. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi na sita, mota ya paani ilinguruma, antena ikajivuta nusu ya njia, kisha ikakwama. Kitu kikawa kinalia tik, tik, tik kama mtu anayegoma.

"Jua limeipiga," Dishi alisema akiwa mlangoni. "Ina tabia hiyo. Nitaizungusha kwa mkono. Wewe kaa dirishani unisomee pembe."

"Na nani atume amri?"

Wote wawili wakamgeukia Mkuu wa kitivo.

"Mimi kompyuta naogopa hata kuizima," Mkuu alisema.

"Kitufe cha kijani, Mkuu. Nikisema sasa, bonyeza. Nikisema tena, bonyeza tena."

Ngazi ya paani ni ya chuma, na saa hizo chuma kilikuwa cha moto. Dishi alipanda kwa kuvuta mikono ya shati hadi viganjani. Alilegeza boliti ya mota kwa spana aliyotembea nayo kiunoni siku zote, akaukumbatia mlingoti. Juu yake antena ilijinyoosha kama mfupa wa samaki mkubwa. Kutoka dirishani chini yake kilitokeza kichwa cha Injinia, ambaye hata ghorofa ya pili huwa hasogelei ukingo.

"Mia mbili na kumi," Injinia alisoma. "Inua kidogo. Mia mbili na nane. Unakwenda polepole."

"Inasogea kwa nguvu za chai ya asubuhi. Vumilia."

"Mia mbili. Mia moja tisini na sita. Inua zaidi. Ongeza digrii mbili."

"Digrii ningekuwa nazo ningekuwa hapa juu?"

"Dishi, tafadhali. Mkuu, sasa."

Kimya. Ni mvumo tu wa redio, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

"Mia moja themanini na tano. Mkuu, tena."

Kimya. Jasho lilimwingia Dishi jichoni, akaliacha, mikono yote miwili iko kwenye bomba. Alama za digrii alizochora mwenyewe kwa rangi nyeupe zilipita moja moja mbele ya pua yake. Aliamua hatafikiri kuhusu ukurasa wa nne. Alifikiri alama ifuatayo, kisha ifuatayo. Bega la kushoto likaanza kutetemeka, akalisukuma bomba kwa la kulia.

"Mia moja na sabini. Sasa ndiyo yuko juu kabisa. Mkuu, tena. Tena."

Ndipo ule mchanga kwenye bati ukapasuka katikati. Ti-ti-tii.

Kichwa cha Injinia kikapotea dirishani. Dishi akasikia kiti kikiburutwa, kisha ubao wa dari ukigongwa kwa mpini wa ufagio, pa, pa.

"Kiko wapi?" sauti ya Injinia ilikuwa inauliza. "Safari hii umekiweka wapi?"

"Injinia," Mkuu alisema bila haraka. "Shemeji yako yuko juu ya paa, mikono yote imeshika chuma. Rudi dirishani umsomee mwenzio pembe."

Alirudi. Akasoma. Mia moja na hamsini. Mia moja arobaini na mbili. Dishi akazungusha, hakuuliza kitu, na Mkuu akabonyeza hata pale ambapo hakuambiwa. Redio ikalia tena, safari hii mlio mrefu wenye vifundo vifundo.

"Amepokea," Injinia alisema. "Amejibu. Saa yake imeanza upya, siku ishirini na moja. Betri..." Akarekebisha miwani. "Betri asilimia tisini na moja."

Dishi aliushikilia mlingoti mpaka mlio ulipozama wenyewe upande wa pili wa majengo. Ndipo akakaa chini juu ya saruji, mikono imekufa ganzi, akajicheka kidogo.

Baada ya muda ngazi ya chuma ililia. Injinia alipanda kipandio kimoja kimoja, macho ameyafumba nusu, mpaka kifua kikafika usawa wa paa. Hapo akagoma kuendelea.

"Ukurasa wa nne nimeuchana," alisema.

"Na kurasa nyingine?"

"Mkuu anajipepea nazo." Alikaza mikono kwenye kipandio. "Nilikimbilia namba. Waandishi wa habari walikuwa wanasubiri, nikataka Kifaranga awe na namba siku hiyohiyo. Halafu alipopotea nikaona rahisi kukulaumu wewe. Nisamehe, shemeji."

"Nami ile ya sweta ilikuwa mbaya."

"Mbaya sana. Mpaka usiku naisikia."

"Kwa hiyo Kifaranga ni namba ngapi?"

"Ishirini na mbili, ndiye pekee aliye mbele sekunde themanini na nane. Na ishirini na mbili tayari ina wenyewe. Kuna kikundi, nchi nyingine kabisa, walishaandikisha kuwa ni yao."

Dishi alifikiri. "Yaani wiki tatu wao wanamwita Kifaranga kwa jina la mtoto wao."

"Na sisi wa kwao tunamwita Kifaranga. Itakuwa kumi na saba ndiyo yao. Nimeshawaandikia kuomba radhi, nimewawekea na daftari lako, picha ya ukurasa wenyewe."

Walipokuwa wanateremka ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Mkuu alikuwa bado kwenye kile kiti, kidole karibu na kitufe cha kijani, anawaambia idara ya ramani kwenye simu kwamba mapazia wayapeleke kwingine. Simu ya Injinia ikaita mezani, namba ndefu asiyoijua. Akaiweka spika.

Aliongea mwanamke, polepole, kama mtu anayekanyaga mawe mtoni. Alisema ni mwalimu, na ya kumi na saba ni yao. Alisema wameifuata njia ya Kifaranga wiki tatu, na baada ya siku za mwanzo hawakuambulia kitu, wakadhani wao ndio wajinga peke yao duniani. Mkuu alicheka. Mwanamke hakucheka.

"Fundi aliyeandika zile sekunde yupo hapo?" aliuliza.

"Nipo, dada," Dishi alisema, akisogea. "Msijali, sasa mnajua alipo. Mtampata tu."

"Antena yetu iliangushwa na upepo juzi, na kuisimamisha ni wiki nzima. Yeye hana wiki nzima. Alitoka kwenye roketi bawa moja la umeme wa jua limevunjika, na mara ya mwisho kumsikia betri ilikuwa robo. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa," Injinia alisema. "Atapita kwetu saa saba na dakika ishirini na mbili. Tunaweza kumwamsha, tukampunguzia kazi, labda—"

"Hapana." Kule upande wa pili ilisikika kama watu kadhaa wamesimama karibu na simu. "Tumekaa naye meza moja miaka sita, tumeshajadiliana. Akifa akiwa huko juu atabaki miaka ishirini anazurura kwenye njia ya wenzake, na wa kwanza ni huyo wa kwenu. Ana tanga dogo la karatasi ya fedha, likifunguka hewa itamkokota chini mpaka aungue. Amri yake tumewatumia sasa hivi, na kibali cha kutumia masafa yetu kimo humohumo. Fundi, wewe ndiye unayejua kumwelekea bila kumkosa. Tunaomba umwambie ashuke."